Unyenyekevu wa mtoto huanzia kwa baba na mama

Ikifika Desemba na shule zikafungwa, nyumba nyingi za Tarime na Serengeti huwa na pilikapilika. Watoto wananunuliwa nguo za Noeli, na kwaya za vigango zinafanya mazoezi hadi usiku. Lakini katika miaka ya tohara, baadhi ya nyumba hizo hizo huwa na mazungumzo ya chini chini: binti atakeketwa lini, na ngariba atakuwa nani.

Hapo ndipo imani ya mzazi inapopimwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imefanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha kati ya miaka 5 na 15. Huko Masanga, wilayani Tarime, masista wamekuwa wakiwapokea wasichana wanaokimbia kisu hicho. Tujiulize bila kuoneana haya: binti akikimbilia kwa masista, anamkimbia nani? Si ajabu akawa ametoka katika nyumba yenye rozari ukutani.

Wazazi wengi hawakosi mafundisho. Wamesoma katekisimu, wamefunga ndoa, wengine ni wazee wa kigango. Kinachowashinda ni hofu ya kuchekwa. Ukoo utasemaje? Nani atamwoa? Mama mkwe atanitazamaje?

Ndiyo maana tunahitaji kuuelewa unyenyekevu vizuri. Wengi tumefundishwa kwamba mnyenyekevu ni yule anayeinamisha kichwa na kukubali kila anachoambiwa na wakubwa. Alhamisi Kuu inatufundisha zaidi ya hapo. Yesu alipojifunga kitambaa na kuosha miguu, Petro alikataa kwa sababu aliona ni aibu kwa mwalimu kufanya kazi ya mtumwa. Yesu hakuacha. Alikubali kuonekana mdogo kwa faida ya wale aliowapenda. Baba anayesema mbele ya ukoo, "Binti yangu hatakatwa," akakubali kudharauliwa kwa ajili ya mtoto wake, huyo ndiye mnyenyekevu.

Lakini baba huyo asiachwe peke yake. Mkoa wa Mara una historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 1966, katika parokia za Waluo za Jimbo la Musoma, eneo ambalo leo ni wilaya ya Rorya na zamani lilikuwa sehemu ya Tarime, vilianza vikundi vidogo vya waamini ambavyo ni kati ya chimbuko la Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nchini. Mtafiti Marie-France Perrin Jassy na wamisionari wa Maryknoll walikuwa wamechunguza makanisa madogo ya kujitegemea, wakaona watu wanayapenda kwa sababu humo kila mtu anafahamika na mgonjwa hasahauliki. Kanisa kubwa likakubali kujifunza kwa madogo. Mwaka 1976, maaskofu wa AMECEA waliokutana Nairobi waliziweka jumuiya hizo mbele katika kazi ya kichungaji.

Basi jumuiya yetu isiishie kwenye rozari na michango. Kabla Desemba haijafika, familia zikae na kukubaliana: hakuna atakayemkeketa binti, na hakuna atakayemcheka aliyekataa. Wenye watoto wa kiume waahidi pia kwamba vijana wao hawatamkataa msichana kwa sababu hakukeketwa. Ahadi ya nyumba moja ni rahisi kuvunjika. Ya nyumba kumi na mbili ina nguvu.

Na nyumbani, mafunzo yaanze mapema, katika mambo madogo. Mtoto amwone mwenyekiti wa jumuiya akifagia kanisa. Amwone baba akimpelekea maji jirani mgonjwa. Amsikie mama akisema, "Nisamehe mwanangu, nilikukemea bure." Katekista ana saa chache tu kwa wiki za kumwandaa mtoto kwa Komunyo ya Kwanza au Kipaimara. Siku zilizobaki mwalimu ni wewe.

Mzazi mwenzangu, usingoje Desemba. Jioni ya leo mwite binti yako, umwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba hapa nyumbani yuko salama. Kisha uende jumuiyani ukayarudie maneno hayo mbele ya watu.