Simu hupima jani, kisu hupima muhogo

Nuru, programu ya simu iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, humsaidia mkulima wa muhogo kutambua batobato na michirizi ya kahawia. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo hutoa jibu hapo hapo shambani, hata pasipo intaneti. Piga majani sita ya mmea, maana jani moja hudanganya.

Lakini kwa anayenunua pingili za kupanda, nashauri achukue na kisu. Michirizi huweza kuozesha mizizi huku majani yakionekana mazima. Mwombe muuzaji ang'oe mashina mawili matatu, mkate mihogo pamoja. Ukiona madoa makavu ya kahawia ndani, usilipe. Ukipanda mbegu hiyo, hasara utaiona siku ya kuvuna.