Marekani: Ligi ya wanafunzi ya kupiga visahani inasimama juu ya uaminifu

Kunako mwaka 2001, katika jimbo la Minnesota, ilianzishwa ligi ya wanafunzi wa sekondari ya kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mashine. Leo ligi hiyo imeenea katika majimbo mengi ya Marekani.

Wapigaji 5 wanasimama kwenye vituo 5. Kila mmoja anapiga visahani 5 kwa kila kituo, jumla 25. Kisahani kikitoa kipande kinachoonekana, kinahesabiwa. Kikitoa vumbi tu, kimekosewa.

Ekipe hazisafiri kila juma ili kukutana. Kila moja inapiga kwenye uwanja wa kwao, na kocha anatuma alama kwa njia ya mtandao. Makundi yanapangwa kufuatana na idadi ya wanafunzi, si umbali. Kwa hiyo, karatasi moja ya alama ikidanganya, kundi zima linaumia.

Wasichana na wavulana wanashindana pamoja, lakini hakuna anayeingia bila cheti cha usalama wa silaha. Mpangilio wa ligi uko wazi: kwanza usalama, pili furaha, tatu ndipo ufundi wa kulenga.