UVUJAJI WA MAJI CHINI YA MSINGI WA NYUMBA: JINSI YA KUUTAMBUA

Watumishi wa umma na wakazi wote wa Musoma, Bunda na Butiama wanakumbushwa kuwa bomba linalovuja uani huonekana na kila apitaye, bali lile linalovuja chini ya sakafu huweza kuendelea kwa miezi mingi bila mwenye nyumba kuwa na habari. Katika muda huo hasara hupatikana kwa njia tatu: fedha hulipwa kwa maji yasiyotumika, msingi hupoteza uimara wake, na maji ya kunywa huweza kuchafuka. Maelezo haya yanakusudia kumwezesha mkazi kuthibitisha uvujaji kwa kutumia dira ya maji, kabla sakafu yoyote haijavunjwa.

Sababu za uvujaji

Nyumba nyingi za zamani ziliwekewa mabomba ya chuma, ambayo huliwa na kutu katika udongo wenye unyevu. Mabomba ya plastiki hayashiki kutu, lakini huachia kwenye maungio yaliyogundishwa vibaya, na hupasuka yanapolazwa juu ya jiwe lenye ncha bila mchanga wa kulalia. Jambo hili ni la kuangaliwa sana Musoma, ambako nyumba nyingi zimejengwa juu ya miamba au kandokando yake.

Katika tambarare za Bunda zenye udongo mweusi wa mbuga, tatizo ni jingine. Udongo huo huvimba unapolowa, na husinyaa na kupasuka unapokauka. Kila unapojongea huvuta bomba pamoja na msingi. Kwa upande wa Butiama, nyumba ambazo mabomba yake yalikaa muda mrefu bila maji zinapaswa kupimwa zinapounganishwa na mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaochukua maji Ziwa Victoria, na ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi mwezi Februari 2022. Maungio ya zamani huweza kushindwa kuhimili msukumo mpya wa maji.

Dalili za kuangaliwa

(a) Ankara ya maji kupanda bila matumizi ya nyumbani kuongezeka.
(b) Sauti ya maji kupita au kufoka chini ya sakafu wakati wa usiku, hali koki zote zimefungwa.
(c) Sakafu kutitia, vigae kuachia, au ufa mpya kutokea ukutani na kuendelea kupanuka.
(d) Unyevu au unga mweupe wa chumvi kupanda ukutani kutokea chini.
(e) Majani mabichi kustawi mahali pamoja kandokando ya msingi katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati uwanja mwingine umekauka.

Hata hivyo, dalili moja peke yake si uthibitisho. Mwaka 2020 kina cha Ziwa Victoria kilifikia tena kiwango cha juu kilichopimwa mwaka 1964, na nyumba zilizo karibu na ufukwe ziliweza kupata unyevu kutoka ardhini bila bomba lolote kuvuja. Aidha, mahali penye mwamba maji yanayovuja hayazami, bali hufuata mteremko wa mwamba na kutokea mbali, pengine katika kiwanja cha jirani. Kwa hiyo kuchimba pale palipolowa tu ni kubahatisha.

Kipimo cha dira

Kipimo hiki hakina gharama. Kifanyike usiku, katika saa ambazo maji yanatoka, kwa kuwa wakati wa mgao dira haiwezi kuonyesha uvujaji.

Kwanza, tangi lijazwe, koki zote zifungwe, pamoja na ile inayoingiza maji kwenye tangi, na wote waliomo nyumbani waarifiwe wasitumie maji. Pili, tarakimu zote za dira ziandikwe, pamoja na zile nyekundu zinazoonyesha sehemu ya uniti. Tatu, dira isomwe tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua maji.

Tuseme saa 4 usiku dira ilisoma uniti 412 na lita 350, na saa 12 asubuhi ikasoma uniti 412 na lita 590. Lita 240 zimepita katika saa 8, yaani nusu lita kwa kila dakika. Kwa siku nzima ni lita 720, sawa na ndoo 36 za lita 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 21,600, ambazo ni zaidi ya uniti 21.

Ikiwa dira imetembea, hatua inayofuata ni kufunga koki kuu iliyo mahali bomba linapoingia nyumbani, kisha kuitazama dira tena. Ikiwa imesimama, uvujaji umo ndani ya nyumba au chini yake. Ikiwa bado inatembea, uvujaji uko uani, kati ya dira na koki hiyo.

Nyumba zenye tangi la juu zinahitaji kipimo cha pili, kwa kuwa bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi halipimwi na dira wakati koki ya kuingizia imefungwa. Kina cha maji ndani ya tangi kiwekewe alama usiku na kutazamwa asubuhi. Kikishuka, choo kichunguzwe kwanza: rangi kidogo itiwe katika tangi la choo, na ikionekana bakulini baada ya nusu saa bila choo kuvutwa, kasoro ni ya choo, wala si ya msingi. Wengi wamevunja sakafu kwa kosa la mpira mdogo wa choo.

Hatari kwa afya na usalama

Tundu linalotoa maji wakati wa msukumo huweza kuvuta maji ya udongoni wakati wa mgao. Pale bomba linapopita karibu na shimo la choo, maji hayo huweza kuwa na vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Nyumba inayoshukiwa ichemshe maji yote ya kunywa hadi matengenezo yakamilike. Sakafu iliyolowa karibu na nyaya za umeme isikanyagwe kabla umeme haujazimwa.

Wajibu wa kila upande

Bomba lililo kabla ya dira, pamoja na dira yenyewe, ni dhamana ya mamlaka ya maji. Lililo baada ya dira ni dhamana ya mteja. Mteja haruhusiwi kufungua dira. Mtumishi anayeishi katika nyumba ya Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) atoe taarifa kwa wakala huo kwa maandishi, na mpangaji wa nyumba binafsi amwarifu mwenye nyumba. Taarifa iambatane na masomo mawili ya dira, tarehe na saa. Wakazi wa vijijini wapeleke taarifa kwa chombo cha watumiaji maji cha eneo lao au kwa RUWASA. Malalamiko ya ankara yasiyopata ufumbuzi kwenye mamlaka huweza kufikishwa EWURA.

Wakazi wanashauriwa kufanya kipimo hiki angalau mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi, na kuhifadhi masomo hayo pamoja na ankara zao.