Mafunzo ya utetezi wa haki yaanze na barua

Mkazi anayejitokeza kuwasemea wenzake kuhusu maji, dawa au barabara hahitaji digrii ya sheria. Anahitaji kujua barua gani iandikwe, ipelekwe kwa nani na jibu lingojewe siku ngapi. Hayo mtu mzima yeyote anaweza kufundishwa, hata aliyeanza kusoma ukubwani.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango na kitengo cha elimu ya uraia. Masomo ya ngumbaru yako chini ya serikali ya kitaifa, lakini wanaoketi katika madarasa hayo ni wakazi wale wale.

Tuchukue mfano wa mradi wa maji uliokwama. Barua inayouliza "mbona hatuna maji?" hujibiwa kwa ahadi. Inayoomba nakala ya mkataba na kiasi kilicholipwa kufikia sasa huleta karatasi ambazo wakazi wanaweza kuzisoma barazani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandika ombi hilo kwa Kiswahili au Kiingereza, na hatozwi ada ya kuliwasilisha. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu maisha au uhuru wa mtu. Siku hizo zikipita kimya, ombi huhesabiwa limekataliwa, na mwombaji anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman.

Na asiyejua kuandika je? Hapa ndipo mafunzo mengi hupita mbio. Sheria hiyo inamtaka afisa wa habari amsaidie, aliandike ombi lake na ampe nakala. Nakala hiyo isiachwe mezani, kwa kuwa tarehe yake ndiyo ushahidi wa siku ombi lilipopokelewa.

Kuhusu maandamano, Kifungu cha 37 cha Katiba kinayalinda yakiwa ya amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka kituo cha polisi kipewe taarifa siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Ni taarifa, si ombi la ruhusa.

Kikundi kinachotaka mafunzo haya kinaweza kuanza kwa msimamizi wa wadi, ambaye kisheria huratibu ushiriki wa wananchi. Ombi liwe kwa maandishi, na nakala ipigwe muhuri.