Tone Chini ya Land Rover

Jumapili asubuhi katika vitongoji vya jiji letu, toka Mbagala na Tandika hadi Tandale na Mwananyamala, ni wakati wa kufua, wa kusukana nywele na wa kuyatazama magari yaliyofanya kazi juma zima. Ilikuwa Jumapili ya namna hiyo nilipopita Mbagala kumjulia hali jamaa yangu mmoja. Uani, chini ya mwembe, ilisimama Land Rover kuukuu ya petroli, ambayo ndiyo inayoilisha nyumba hiyo kwa kubeba mchanga na matofali katika njia ambazo gari dogo halithubutu kuzipita. Chini ya tumbo lake ilitegwa sufuria, na ndani ya sufuria hiyo lilidondoka tone, likafuatiwa na jingine. Hatua saba tu kutoka hapo mama mwenye nyumba alikuwa akikaanga maandazi juu ya jiko la mkaa, na mtoto wao wa miaka minne akicheza katikati.

"Hilo lina miezi miwili sasa, kaka," alinijibu mwenye gari nilipomwuliza. "Limetuzoea, nasi tumelizoea."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Binadamu huizoea harufu ya petroli, hata pua ikaacha kuitambua. Petroli yenyewe haimzoei mtu.

MVUKE USIOONEKANA

Wengi hudhani kwamba kinachowaka ni petroli ile inayoonekana kwa macho. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wake. Mafuta ya taa sharti yapate joto kidogo kabla mvuke wake haujashika moto. Lakini petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupai kama moshi, bali hutambaa chini kama maji, hufuata mteremko, huingia mtaroni na hupenya chini ya milango, mpaka ukutane na jiko, kibatari au kipande cha sigara. Hapo moto hurudi mbio kuifuata njia ileile mvuke uliyopitia. Kwa hiyo hatua saba, katika ua uliozungukwa na kuta, si umbali wa kujivunia.

Hasara ya fedha nayo si ndogo. Chukulia tone moja kwa kila sekunde. Kwa siku moja ni matone 86,400. Hata kama matone 300 hujaza kijiko kimoja tu cha chai, hivyo ni vijiko 288, yaani karibu lita moja na nusu kila siku. Kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta sote hutega masikio na kulalamika. Lakini mwenye gari linalovuja hupandishiwa bei na gari lake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa hasara.

UZEE WA CHUMA NA MPIRA

Land Rover ilizinduliwa mjini Amsterdam mwaka 1948, na umbo lake la asili liliendelea kuundwa huko Solihull, Uingereza, hadi Januari 2016. Jinsi gari hilo linavyopendwa nchini mwetu ilidhihirika Oktoba 2024, wenye magari hayo walipokusanyika Arusha kwa tamasha lao. Bodi yake ni ya aluminiamu, nayo hailiwi na kutu kwa urahisi. Kwa hiyo gari huonekana lina afya. Lakini tangi ni la chuma, mabomba yana viungo, na kila kiungo kina mpira au gasketi inayokauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Afya ya bodi isikudanganye.

KWANZA TAFUTA, NDIPO UZIBE

Kosa la wengi ni kuziba kabla ya kutafuta. Mafuta huteleza juu ya bomba na chasisi, yakadondokea mbali na yalikotokea. Pale tone linapoangukia, aghalabu, sipo panapovuja.

Kabla ya kushika spana, ondoa moto wote uani: jiko, kibatari na sigara. Watoto wapelekwe mbali. Sogeza gari mahali pa wazi penye upepo, kwa kulisukuma, si kwa kuliwasha. Fungua nyaya za betri, ukianza na ule unaoshikamana na bodi. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu, na kizimamoto ikiwa unacho. Kumulika, tumia tochi na kitu kingine chochote kisiwe.

Kisha futa kwa kitambaa kikavu kuanzia kwenye tangi, ambalo katika nyingi za Land Rover za zamani limo chini ya kiti cha mbele, ufuate bomba hadi kwenye pampu na kabureta. Nyunyiza unga wa chaki juu ya viungo vyote. Baada ya muda mfupi unga utalowa na kubadilika rangi pale hasa mafuta yanapochomoza.

Yako maswali yatakayokusaidia. Je, gari huvuja pale tu tangi linapojazwa? Tazama shingo ya tangi na mipira yake ya juu. Huvuja mchana na usiku, hata likiwa limezimwa? Tazama nati ya kumwagia mafuta, kitako cha tangi na bomba la chini. Huvuja injini inapounguruma tu? Hapo shuku pampu au kabureta. Boya la kabureta likitoboka, au sindano yake ikikwama kwa uchafu, mafuta hufurika na huweza kuangukia ekzosi yenye moto. Lipo pia vujo lisilodondosha hata tone: kiwambo cha pampu kikichanika, petroli huingia ndani ya oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukaona oili imeongezeka badala ya kupungua, nayo inanuka petroli, usiliwashe gari hilo mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe.

SABUNI NA MOTO WA KUCHOMELEA

Madereva wa safari ndefu hulijua vema jambo la kukandika sabuni ya mche kwenye tundu la tangi. Ni kweli kwamba sabuni haiyeyuki upesi ndani ya petroli, na imewaokoa wengi porini. Lakini hiyo ni plasta ya kukufikisha kwa fundi, wala si dawa. Yule anayeikandika kila Jumatatu anajidanganya.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kulipeleka tangi kwa mchomeleaji mara tu baada ya kulimwaga. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwani lililojaa halina nafasi ya hewa, na lililo tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, mchanganyiko ule hasa uutakao moto. Tangi halina budi kutolewa garini, kuoshwa mara nyingi kwa maji ya moto na sabuni, kisha kujazwa maji hadi karibu na pale panapochomelewa. Kazi hiyo ni ya fundi mzoefu, mahali pa wazi, mbali na nyumba.

Hali kadhalika, tuache kuvuta petroli mipirani kwa midomo. Ikiteleza kidogo tu na kuingia mapafuni, yaweza kuua. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika wala asinyweshwe maziwa. Apelekwe hospitali mara moja. Petroli iliyomwagwa nayo isitiwe mtaroni, kwa maana mtaro wako ndio ua wa jirani yako.

Na moto ukizuka, usimwagie maji, kwani petroli huelea juu yake na kuusambaza moto. Tumia mchanga, toa watu, na upige simu namba 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

TUSISAHAU MSAMVU

Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, na watu wakakimbilia kuchota petroli iliyomwagika. Ililipuka. Waliopoteza maisha walizidi 100. Kati yao walikuwamo wenye familia kama yangu na yako. Petroli ya Msamvu na ile ya sufuria ya Mbagala ni moja. Tofauti yao ni kiasi tu.

Siku ile hatukungoja Jumapili nyingine. Mama alilihamishia jiko barazani upande wa mbele, mtoto akachukuliwa na bibi yake, nasi tukalisukuma gari hadi kwenye uwanja wa wazi na kumwita fundi wa mtaani. Unga wa chaki ulilowa kwenye bilauri ndogo ya kioo iliyo chini ya pampu, ile inayokusanya uchafu. Gasketi yake ilikuwa imekauka na kukatika. Gasketi mpya ilipatikana Kariakoo kwa bei iliyokuwa ndogo kuliko thamani ya petroli inayovuja kwa siku moja. Kazi yote ilichukua muda wa saa moja.

Miezi miwili ya hatari, na dawa yake ilikuwa ya saa moja. Basi, ndugu msomaji, ukiisha kuikunja karatasi hii, toka uani, uiname na utazame chini ya gari lako, au pikipiki yako, au bajaji uliyokabidhiwa. Ukiona pameloa, usitege sufuria.