Dawa ya ngozi inapoinyamazisha tezi ya shingo

Hebu fikiria: mtu anameza vidonge vya kutibu ngozi. Baada ya wiki chache anasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, amechoka, choo kigumu, usingizi hauishi. Ngozi na tezi ya shingo zinahusiana vipi?

Dawa yenyewe ni beksarotini, ndugu wa vitamini A katika kundi la retinoidi. Marekani iliidhinisha vidonge vyake mwaka 1999 kwa wagonjwa wa lemfoma ya seli T ya ngozi, saratani ya seli nyeupe za damu inayojitokeza kama mabaka na uvimbe kwenye ngozi.

Sasa tuje kwenye tezi. Thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, haijiamulii mambo. Inasubiri amri ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Amri hiyo ni homoni ya TSH. Thairoidi ikizembea, pituitari inapaza sauti na TSH inapanda. Ikizidisha kazi, pituitari inanyamaza na TSH inashuka.

Beksarotini hushika vipokezi vya ndani ya seli viitwavyo RXR. Kwenye ngozi, hiyo ndiyo kazi tuliyoitaka. Ila RXR zipo pia kwenye pituitari, na huko dawa inaikandamiza jeni ya kutengeneza TSH. Kwa hiyo thairoidi ni nzima kabisa, tatizo haipati amri! Juu ya hapo, dawa huharakisha kuvunjwa kwa homoni za thairoidi mwilini.

Hapa ndipo penye mtego. Kwa kawaida TSH ikiwa chini, tunadhani thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Kwa mgonjwa huyu ni kinyume chake. Anayeangalia TSH peke yake atapotea njia. Kipimo cha kutegemea ni T4 huru.

Habari njema ni kwamba hali hii inatibika. Mgonjwa hupewa levothairoksini, T4 huru ikapimwa mara kwa mara. Beksarotini ikisitishwa, pituitari huamka tena.

Na wewe unayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi? Tulia. Hiyo hutegemea zaidi vipokezi vya aina nyingine, RAR, na kuporomoka huku kwa TSH si tabia yake.

Lakini usiache dawa kimyakimya. Mwambie daktari unavyojisikia, kisha muulize: T4 yangu ikoje?