Petroli au dizeli kwa gari la familia? Hesabu ya Kitale na Bungoma

Mahindi yakishauzwa na deni la mbolea likilipwa, familia nyingi za Trans Nzoia na Bungoma huanza kuulizana kuhusu gari. Litatosha watoto na mizigo, litadai mafuta kiasi gani kila mwezi, na injini yake itakuwa ya petroli au ya dizeli? Swali hilo la mwisho mara nyingi hujibiwa kwa kutazama ubao wa bei kituoni. Dizeli mara nyingi iko chini kwa shilingi kadhaa, lita yake huenda mbali zaidi, basi mjadala umekwisha. Mimi nasema ubao ule usiwe mwanzo wa hesabu. Anza na safari zako: unaenda wapi, mara ngapi kwa wiki, na je, injini yako hupata nafasi ya kushika moto barabara kabla hujaizima?

Tuanze na kilichoko sokoni, kwa sababu uchaguzi wetu ulipunguzwa zamani na watu walio mbali nasi. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hiyo familia ya Kitale hununua leo kile Mjapani alichonunua miaka saba au minane iliyopita: Axio, Premio, Allion, Sylphy, Impreza. Karibu zote ni petroli. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni kali dhidi ya dizeli, akiwatikisia waandishi wa habari chupa ya plastiki iliyojaa masizi. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikayafungia barabara malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza viwango vipya vya moshi. Wanunuzi wa magari ya nyumbani nao wakaikimbia dizeli, na watengenezaji wakawafuata.

Ndiyo maana dizeli ndogo aina ya 2C, iliyokuwa ikivuta Corolla za miaka ya 1980 na 1990, haina mrithi kwenye yadi zetu. Kampuni iliyorudi kwa kishindo ni Mazda, kuanzia 2012, na injini zake za Skyactiv-D. Leo anayetaka gari dogo la dizeli lenye buti nyuma ataonyeshwa Axela au Atenza, au Mjerumani kama Mercedes C220d. Hata kwa aliyetaka gari jipya lililounganishwa hapa nchini, Volkswagen Polo Vivo, iliyoanza kuunganishwa Thika Desemba 2016, ilikuwa ya petroli.

Sasa jambo ambalo muuzaji wa Mombasa hana sababu ya kukuambia: mwinuko. Bungoma iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale iko karibu mita 1,900, na huko shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Injini ya petroli isiyo na turbo huvuta hewa kwa pistoni zake tu. Ikiwa hewa ni nyepesi kwa sehemu moja ya tano, kila silinda hupata hewa pungufu kwa kiasi hicho, kompyuta hupunguza petroli ili mchanganyiko usiharibike, na nguvu hushuka vivyo hivyo. Axio ya 1500 iliyoandikiwa nguvu za farasi 109 Japani hubaki na kama 87 ikifika Kitale. Gari halina ugonjwa wowote. Nimewaona watu wakibadilisha plagi, pampu ya mafuta na hata sensa ya hewa wakitafuta nguvu ambazo ziliachwa njiani tangu pwani.

Dizeli za kisasa zote zina turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, feni huongeza kasi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Ongeza hapo tabia ya dizeli yenyewe. Dizeli ya Mazda ya 1500 iliyofungwa kwenye Axela ina nguvu za farasi 105, chini kidogo kuliko Axio, lakini nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni-mita 270, na inaipata injini ikizunguka mara 1,600 tu kwa dakika. Petroli ya Axio hutoa 136, tena baada ya kufika mizunguko 4,400. Kutoka Bungoma hadi Kitale kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini unapanda jumla ya mita kama 500. Ukiwa na watu wazima watano na gunia la mahindi kwenye buti, ukataka kulipita trekta la miwa, Axio itakulazimisha ukanyage mafuta hadi mwisho na injini ipige kelele. Axela ya dizeli hupita kimya kimya. Hii ni faida ya kweli, nayo ni kubwa zaidi Kitale kuliko Kisumu au Mombasa. Ila turbo si mali ya dizeli peke yake: petroli za Volkswagen za aina ya TSI zinayo pia, na hazichoki haraka mlimani.

Kwenye ushuru, dizeli na petroli za 1500 zinalingana. Ushuru wa forodha kwa magari yaliyotumika ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 Julai 2023, na ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500, ukiwa 25 kwa nyingi zinazozidi hapo. Dizeli ya Mazda ya 1.5 haivuki mstari huo. Ile ya 1.8 na ya 2.2 zinauvuka, na utauona mstari huo kwenye bei.

Tuje kwenye mafuta yenyewe. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Kwa mzunguko ulioanza katikati ya Oktoba 2023, Nairobi ilinunua petroli kwa Sh217.36 na dizeli kwa Sh205.47. Septemba 2025 zilikuwa Sh184.52 na Sh171.47. Bei za Kitale na Bungoma hutofautiana kidogo na hizo kwa sababu ya usafirishaji, lakini pengo kati ya petroli na dizeli hubaki karibu lilelile. Chukua bei za Septemba 2025. Tuseme gari la petroli linakupa kilomita 14 kwa lita na la dizeli kilomita 18. Ukisafiri kilomita 15,000 kwa mwaka, petroli itakugharimu karibu Sh197,700 na dizeli Sh142,900. Umeokoa kama Sh55,000. Ukisafiri kilomita 6,000 tu, akiba inashuka hadi Sh22,000, na hapo bado hujanunua filta ya dizeli wala oili maalumu ambayo injini hizi zinadai.

Akiba hiyo ina masharti, na ndipo watu wengi wanapoumia. Wazee wanaokumbuka Peugeot 504 za dizeli, au Hilux za kale, wanakumbuka injini zilizovumilia karibu kila kitu. Mafuta ya mtungi, filta iliyochelewa, maji kidogo tankini: zilikohoa, zikatoa moshi, zikaendelea. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayofanya watu waseme dizeli ni ngumu. Dizeli ya leo ni mashine nyingine. Pampu yake hukandamiza mafuta hadi shinikizo la bar 2,000, na injekta huyapuliza kwenye silinda kupitia vitundu vyembamba karibu kama unywele, mara kadhaa ndani ya mpigo mmoja. Pampu na injekta hizo hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukichanganya na mafuta ya taa, ulaini huo hupungua na vyuma husagana. Tatizo la kuchanganya lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya wachanganyaji. Dizeli ya Afrika Mashariki pia imesafika: Januari 2015 kiwango cha juu cha salfa kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, ingawa Japani na Ulaya, ambako injini hizi zilibuniwa, kiwango kilikuwa tayari 10. Kwa hiyo mwenye dizeli ya kisasa anunue kwenye kituo kikubwa chenye wateja wengi, achukue risiti, na asiguse kamwe mafuta ya mtungi ya kando ya barabara.

Sharti la pili ni la umbali. Chini ya gari la dizeli la kisasa kuna kichujio kinachonasa masizi ili yasitoke na moshi. Kikijaa, injini huongeza dizeli ili joto la kichujio lifike karibu nyuzi 600, masizi yaungue yaishe. Kazi hiyo huchukua kama robo saa au zaidi ya mwendo usiokatika, na injini lazima iwe moto tayari. Mtu anayetoka Kibomet kupeleka watoto shule mjini Kitale, akapitia benki na soko, akarudi nyumbani, hajaipa injini yake robo saa hiyo hata mara moja. Wa Kanduyi anayefanya kazi Bungoma mjini vilevile. Kila mara kichujio kinapoanza kujisafisha, anazima. Dizeli iliyoongezwa haikuungua yote. Nyingine huteremka kuta za silinda na kuingia kwenye oili.

Hili unaweza kuliona kwa macho. Chomoa kijiti cha oili cha Mazda ya dizeli. Juu ya alama ya F, inayoonyesha oili imejaa, kuna alama nyingine ya X. Imewekwa hapo kwa sababu mtengenezaji anajua kwamba kwenye injini hii oili inaweza kuongezeka badala ya kupungua. Ikiwa imekaribia X, nusa kijiti: utapata harufu ya dizeli. Oili hiyo imekuwa nyepesi na haiwezi tena kuilinda turbo, ambayo feni yake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Ibadilishwe siku hiyohiyo, na kwa oili ya kiwango cha DL-1, si oili yoyote ya dizeli iliyo kwenye rafu. Oili ya malori huacha majivu mengi ndani ya kichujio, na majivu hayaungui kwa joto lolote.

Petroli nayo ina maradhi yake, ila ni yale ambayo mafundi wetu wamezoea. Koili hufa, plagi huchakaa, gia za mikanda za Axio na Premio hudai oili yake maalumu ambayo wengi hawaibadilishi. Lakini sipea zinapatikana Kitale na Bungoma, mpya na za mtumba, na fundi yeyote wa kawaida anazijua injini hizo kwa kupapasa. Kwa dizeli ya kisasa unahitaji fundi mwenye kompyuta inayosoma shinikizo la mafuta na ujazo wa kichujio, na seti ya injekta nne inaweza kumeza akiba ya miaka miwili au mitatu. Ukiitaka dizeli ya Ulaya, uliza kwanza kama inatumia maji ya urea ya kusafisha moshi, na kama utayapata mjini kwako bila kuyafuata Eldoret. Haibridi ya Axio ni njia ya tatu, nzuri kwa safari fupi za mjini, mradi betri yake kubwa ipimwe kabla ya kununuliwa.

Uamuzi wangu ni huu. Familia ambayo gari lake litazunguka mjini siku tano, liende kanisani au sokoni Jumapili, na kwenda Nairobi mara chache kwa mwaka, inunue petroli ya 1500 na ikubali kwamba itapanda mlima polepole. Anayesafiri kila wiki kati ya Kitale, Bungoma na Eldoret au Nakuru, akijaza tanki kwenye kituo anachokiamini, dizeli itamlipa, na Kitale itamlipa zaidi. Anayeishi Kapsokwony au Cheptais akidhani dizeli itamtoa kwenye tope jekundu la Mlima Elgon asijidanganye: gari la chini hukwama kwa sababu ya urefu wake na matairi yake, liwe na injini gani.

Na ukiichagua dizeli, usilipe kabla ya kufanya haya. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, uhakikishe haijapashwa moto kabla hujafika. Chomoa kijiti cha oili. Mwombe fundi afunge vichupa vinne kwenye mirija ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye injekta, awashe gari kwa dakika chache, kisha alinganishe: kichupa kimoja kikijaa kuliko vingine, injekta yake imechoka. Asome kwa kompyuta kichujio kimejaa kiasi gani. Mwisho, dai rekodi za huduma za Japani, zinazoonyesha oili ilibadilishwa lini na lini. Kwa petroli isiyo na rekodi unaweza kujaribu bahati yako. Dizeli isiyo na rekodi, iache palepale yadini.